FEZA YA KILALO INAPITA WAPI?
Somo juu ya musaada wa Leta kwa vijiji na miji



Zamu yangu imefika ya kuandika somo la elimu ya raia katika karatasi yetu. Ningeweza kuandika juu ya usafi wa internati ao juu ya kuchelewa asubuhi, sawa vile kapita wengine walivyofanya mbele yangu. Lakini niko na deni kwenu, na kapita mwenye deni akipiga kengele, watu wanasikia kengele tu, yeye hawamusikii.

Munakumbuka. Katika trimestri ya kwanza mvua ilichukua kilalo cha kijito chetu. Kesho yake nilisimama kwenye mustari wa asubuhi nikasema: «Musiogope. Tunaandika barua kwa Leta, na Leta italeta kilalo.» Mulipiga makofi, mulicheka pia juu ya yale maneno mawili, Leta na kuleta. Mimi nilifurahi kwa kuwa nimesema vizuri.

Kisha barua ikarudi. Haikurudi na jibu. Ilirudi yenyewe, katika bahasha ile ile, na mustari mumoja wa kusema kwamba haikufika kwa mutu ambaye inamuhusu. Sikuwaambia. Nilifikiri nitaandika ingine mbiombio na hakuna atakayejua. Wakati ule wadogo wa madarasa ya chini wanaotoka ngambo walianza kuvuka juu ya miti miwili iliyolazwa. Siku moja ya mutihani wa hesabu maji yalipanda. Watoto kumi na mumoja walibaki upande ule, na kwa kaye ya mwalimu wakaandikiwa ziro. Ziro ile walipata wao, lakini kosa la barua lilikuwa langu.

Basi nilienda kujifunza. Nilisoma sheria pamoja na mwalimu wa elimu ya raia, nilienda na wenzangu wawili kwa biro ya sekteri, na yale niliyopata ninayaweka hapa kwa utaratibu, ili mutu mwingine asirudie kosa langu.

I. LETA NI NANI?

Mukini watu wanasema: «Leta njo itajenga.» Lakini Leta si mutu mumoja mwenye sanduku moja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imegawa kazi. Juu kuna Leta ya Kinshasa. Kisha kuna provensi: tangu mwaka 2015 ziko 25, pamoja na muji wa Kinshasa. Katanga yetu ya zamani iligawanywa mwaka ule kuwa inne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Chini ya provensi kuna maeneo yenye uhuru wa kujiongoza, ambayo kwa biro wanayaita ETD. Katiba, katika kifungo cha 3, inayataja inne tu: muji, komine, sekteri na sheferi. Kila moja iko na jina lake mbele ya sheria, iko na bajeti yake na kasa yake.

Sasa angalieni kile ambacho hakimo katika ile orodha. Teritware haimo. Grupema haimo. Kijiji hakimo. Msimamizi wa teritware ni mukubwa, tunamuheshimu, lakini yeye ni jicho la Leta ya juu katika inchi; teritware haina kasa yake ya kujenga sawa vile sekteri. Mimi niliandika kwa biro ya teritware kwa sababu nyumba yake ni kubwa na bendera yake inaonekana toka mbali. Nilipiga hodi kwa mulango mukubwa, kumbe mulango wetu ulikuwa ule mudogo wa pembeni.

Kwa watu wa muji ni vilevile. Lubumbashi ni ETD, na ndani yake kuna komine saba: Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba, Ruashi na Annexe. Kila komine ni ETD pia. Mutu wa Katuba mwenye mufereji uliojaa takataka mbele ya soko, aulize kwanza: kazi hii ni ya komine, ya muji, ao ya provensi?

Kwa balabala kuna tena wenye kazi wengine. Ofisi ya Njia (Office des Routes) inashugulikia njia kubwa za inchi. OVD inashugulikia njia na mifereji ya miji. Kuna pia biro inayoshugulikia njia ndogo zinazotoa mavuno mashambani. FONER, mufuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unakusanya feza ya kutunza njia kutoka kwa mafuta ya motokari na kwa malipo ya vizuizi. Asiyejua majina haya atazunguka na barua yake mpaka karatasi ichakae.

II. FEZA INATOKA WAPI?

Nilipata njia inne. Andikeni katika kaye.

1. Sehemu ya mapato ya taifa. Katiba inasema katika kifungo cha 175 kwamba 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya provensi, na kwamba sehemu hiyo inakatwa pale pale inapopatikana. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya ETD inaongeza kwamba 40 kwa mia ya sehemu ya provensi ni ya ETD. Tupige hesabu. Franka 100 zinaingia. Franka 40 zinaenda provensi. Katika zile 40, ETD zinapata 40 kwa mia, ni kusema franka 16. Zile 16 ETD zote zinagawana kwa kuangalia mambo matatu: uwezo wa kuzalisha, ukubwa wa inchi na hesabu ya watu.

Hiyo ndiyo sheria. Katika kazi, mambo hayakwenda hivyo. Feza imekuwa inapanda kwanza mpaka Kinshasa, kisha inashuka kwa kuchelewa na kwa kupunguka, na provensi nazo zinashusha kidogo kwa ETD. Mutu akikuambia «ETD zote pamoja zina haki ya 16», anasema kweli. Akikuambia «ETD zimepata 16», umuombe karatasi.

2. Kasa ya kusawazisha. Kifungo cha 181 kinaweka kasa ya taifa inayopaswa kupata 10 kwa mia ya mapato ya taifa kila mwaka. Kazi yake ni kujenga vitu vya watu wote na kusaidia provensi na ETD zilizobaki nyuma, ili inchi isiwe na upande unaongaa na upande wa giza.

3. Redevansi ya madini. Hapa Katanga kila mutoto anajua malori, lakini si kila mutoto anajua hesabu yake. Sheria ya madini iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018 inasema kampuni italipa 3,5 kwa mia juu ya shaba, na 10 kwa mia juu ya madini yaliyotangazwa kuwa ya lazima sana, sawa kobalti. Malipo hayo yanagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa ETD ambamo mine iko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo.

Mufano: shaba ya dola 1 000 000. Redevansi ni dola 35 000. Kinshasa inapata 17 500, provensi 8 750, ETD 5 250, mufuko wa vizazi 3 500. Mujumlishe, mutaona hesabu inakutana. Kama ni kobalti ya bei ile ile, redevansi ni dola 100 000, na ETD inapata 15 000. Tena kampuni inapaswa kuweka pembeni, kila mwaka, isiyopungua 0,3 kwa mia ya mauzo yake yote kwa kazi za maendeleo ya watu wanaoguswa na mine.

Lakini musome vizuri maneno haya: «ETD ambamo mine iko». Sekteri yetu haina hata mine moja ndani ya mipaka yake. Malori yanapita, vumbi linaingia katika madirisha ya darasa, mine iko ngambo ya mupaka kwa jirani. Katika ile 15 kwa mia sisi hatuna kitu. Mbele ya kusoma, nami nilikuwa nasema «mine italipa kilalo». Ninafuta neno lile.

4. Mipango mikubwa. Wakati wa wakoloni, mwaka 1947, Wabelgiji waliunda mufuko wa kujenga visima na nyumba za wagonjwa katika vijiji. Wazee wamoja wanaikumbuka. Katika miaka yetu, Leta ilitoa mupango wa maendeleo ya teritware 145, ulioanza kuwekwa katika kazi miaka 2021 na 2022: masomo, vituo vya afya, majengo ya utawala, njia za mashamba. Gharama yake ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola miliari moja na nusu. Kazi iligawanywa kwa wasimamizi watatu: PNUD ilipata teritware 54, na zile zilizobaki ziligawanywa kati ya CFEF na BCECO. Kuna mahali jengo lilimalizika na watoto wanakaa ndani. Kuna mahali kazi ilisimama wakati kuta zilikuwa bado bila mabati.

Mupango wa namna hii unakuja na orodha yake tayari. Kilalo kidogo cha kijito hakiingii ndani yake kama hakuna mutu aliyekiandika mapema.

III. MUFANO WA «TUUNGANE»

Watu wengi wanafikiri: feza ikifika tu, mambo yamekwisha. Tuone mufano mumoja wa kweli.

Mwaka 2007 mashirika mawili, IRC na CARE, yalianza kazi iliyoitwa Tuungane, kwa feza ya Uingereza. Ilifanyika Haut-Katanga, Tanganyika, Maniema na Kivu ya Kusini, katika vijiji zaidi ya elfu moja. Kila kijiji kilichagua komite, wanaume na wanawake, kikafundishwa namna ya kuamua pamoja na kuhesabu feza, kisha kikapata musaada wa kujenga kitu walichochagua wenyewe. Madarasa ya shule yalikuwa kati ya vitu vilivyochaguliwa sana.

Kisha wenye elimu walitaka kujua kama mafundisho yale yalibaki ndani ya watu. Walipeleka dola 1 000 katika vijiji 560: vingine vilikuwa vimepita katika Tuungane, vingine havikupita. Waliangalia kila kijiji kitaitumia ile feza namna gani. Jibu lilishangaza: hawakuona tofauti kubwa. Wale waliofundishwa hawakusimamia feza vizuri kupita wale wasiofundishwa.

Tusiseme kwamba kazi ilikuwa bure. Madarasa yalijengwa, na watoto walisoma ndani. Lakini mimi ninatoa fundisho hili: desturi ya kuuliza hesabu haiingii katika kijiji kwa semineri. Inaingia wakati mutu wa pale pale, ambaye atabaki pale, anauliza leo, anauliza tena mwezi ujao, na hakasiriki akiambiwa «ngoya». Mugeni anarudi kwao na kaye yake. Sisi tunabaki na kijito.

Tena kuna sababu ingine ya kuuliza. Sheria inataka kila ETD iwe na baraza la washauri waliochaguliwa, ambao wanapiga kura juu ya bajeti na kumuuliza mukubwa hesabu. Katika Desemba 2023 watu walichagua washauri katika komine mbalimbali, mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Katika masekteri na masheferi uchaguzi ule haukufanyika. Kama hakuna mushauri wa kuuliza, ni nani atauliza? Mwenye kujua kusoma. Na katika kijiji chetu mwenye kujua kusoma ni wewe, ndugu mwanafunzi.

IV. UGOMVI WETU, NA BARUA YA PILI

Wengi walisikia kelele katika mukutano wa komite ya wanafunzi. Ni vizuri niandike jambo lilivyokuwa.

Mwenzetu mumoja wa darasa la mwisho alisema: «Tukitengeneza kilalo siye wenyewe, Leta itasema: aah, kilalo kiko. Haitaleta tena kitu.» Mwingine akajibu: «Na mutoto akianguka mu mayi, utamuonyesha karatasi ya Katiba?» Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo sababu walipiga kelele sana.

Wazee nao waligawanyika. Baba mukubwa wangu, akisikia neno «kazi ya wote», anafikiri salongo ya wakati wa Mobutu, watu walipotolewa kwa nguvu kulima na kufagia. Anasema: «Tulifanya kazi, na wakubwa wakapigiwa makofi.» Siwezi kumukatalia.

Kwa mwisho tuliamua hivi. Mikono yetu tutaitoa kwa kupenda, si kwa kulazimishwa, lakini tutaiandika. Kila siku ya kazi ya kila mutu itaandikwa katika kaye. Jumamosi mbili tumekwisha kuongeza miti ya pembeni na kamba ya kushika, ili wadogo wavuke bila kuanguka. Hiyo si kilalo. Ni bandeji juu ya kidonda. Katika barua tumeandika hivyo wazi, ili mutu asiseme kwamba kilalo kiko.

Barua ya pili haikufanana na ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi mazuri na hakuna hata namba moja. Ya pili iko na mambo sita:

a) Jina la kijito na mahali, na jina la grupema.
b) Vipimo. Mwalimu wa hesabu alienda nasi na kamba: mita 7 toka ukingo mumoja mpaka mwingine.
c) Watu wanaovuka. Tulihesabu siku tatu, pamoja na siku ya soko, na tukaandika wanafunzi, wamama wenye mizigo, wagonjwa na wenye kinga kila kundi peke yake.
d) Vitu vinavyohitajiwa: sima, chuma, mawe, muchanga. Bei tuliuliza kwa wauzaji wawili, si kwa mumoja.
e) Mambo tunayotoa sisi: mawe, muchanga na siku za kazi zilizoandikwa katika kaye.
f) Sahihi ya shefu wa kijiji na ya shefu wa grupema, na ombi kwamba kilalo kiandikwe katika bajeti ya sekteri ya mwaka unaokuja.

Tulifika kwa biro ya sekteri saa tatu ya asubuhi. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane. Tulisalimia kwa heshima, hatukupandisha sauti. Mukubwa alisoma barua yote mbele yetu, akauliza ni nani alipima, kisha akasema: «Siwaahidi kitu. Kasa ni ndogo. Lakini hii ninaweza kuiweka juu ya meza wakati wa bajeti, juu iko na namba.» Akapiga muhuri na kuandika tarehe juu ya kopi yetu. Nilimuomba pia kuona bajeti ya mwaka huu. Alisema turudi juma linalofuata. Tulirudi, akatuonyesha ukurasa mumoja. Tutarudi tena kwa kurasa zinazobaki.

V. KWA UFUPI

Kwanza, jua mulango. Kijiji kinapita kwa shefu wake na kwa grupema mpaka sekteri ao sheferi. Mutu wa muji anapita kwa komine.

Pili, jua njia ya feza, ili usingoye feza ya mine mahali ambapo mine haiko.

Tatu, leta namba. Machozi yanasikilizwa siku moja; namba zinabaki katika dosie.

Nne, omba hesabu kwa heshima, na uombe tena.

Tano, kama mutoto yuko katika hatari leo, weka kamba leo. Usingoye muhuri.

Sasa ninalipa deni langu. Kwenye mustari nilisema Leta italeta kilalo. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Neno la kweli ni hili: tumeomba, kwa mulango unaofaa, na kopi yenye muhuri iko katika kaye ya kapita, kwa biro ya Bwana Prefe. Jibu likija nitalisoma mbele yenu wote, hata likiwa baya. Kama linakuja wakati nimekwisha kufanya Egzame ya Leta na kuondoka, kapita atakayenifuata atalisoma. Kwa wale watoto kumi na mumoja, mwalimu wa hesabu amekubali kuwapa mutihani ule upya siku ya posho. Ninamushukuru mbele ya wote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja ETD inne za Katiba. Kwa nini teritware haimo?
2. Mapato ya taifa ni franka 2 500 000. Kwa sheria, sehemu ya provensi ni ngapi? Sehemu ya ETD zote ni ngapi?
3. Kampuni imeuza shaba ya dola 4 000 000. Tafuta redevansi, kisha sehemu ya ETD ambamo mine iko.
4. Kwenu, ni kazi gani inayoumiza watu: kisima, njia, mufereji, soko, mabati ya darasa? Ipime, hesabu watu wake, na andika jina la biro ambamo barua yake inapaswa kuingia.

Majibu ya swali la 4 ninaomba muniletee mimi mwenyewe, mbele ya mwisho wa mwezi. Tutayaweka pamoja katika kaye moja, ili bajeti ijayo isitukute tunalala.

Kapita mukuu wa wanafunzi, darasa la mwisho